Njia Panda ya Msamvu na Uanachama wa Ray Alexander

Msamvu, mjini Morogoro, ni mahali ambapo barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika njia mbili, moja ikielekea Dodoma na nyingine ikielekea Iringa, Mbeya na hatimaye Zambia. Katika miaka ya 1960 na 1970 mgawanyiko huo ulikuwa na maana kubwa kwa historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, ingawa wasafiri wengi wanaobadilisha mabasi hapo siku hizi hawana sababu ya kuufikiria. Upande wa mashariki, Dar es Salaam, ndiko ilikokuwa Kamati ya Ukombozi iliyoundwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1963, ambayo kazi yake ilikuwa kugawa fedha, silaha na vibali kwa vyama vilivyopigania uhuru. Kwa barabara ya Dodoma mtu alifika Kongwa, ambako wapiganaji wa chama cha African National Congress cha Afrika Kusini, yaani ANC, walipewa kambi mwaka 1964 katika eneo lililoachwa na mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni. Kwa barabara ya Iringa alifika Zambia, na kutoka Zambia mto Zambezi, ambao ng'ambo yake ilikuwa Rhodesia ya walowezi. Katikati ya njia hizo ulikuwapo mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ambako ANC ilihamishia makao yake katikati ya miaka ya 1960 baada ya serikali ya Tanzania kuvitaka vyama vya ukombozi vipunguze watu wao katika jiji la Dar es Salaam.

Historia ya Morogoro katika ukombozi huo kwa kawaida husimuliwa kama historia ya majemadari na mikakati. Hata hivyo, uamuzi mmoja uliofanywa mjini humo mwaka 1969 uliwahusu pia watu ambao hawakuwa majemadari, wakiwamo wanawake wachache wa Kiyahudi waliokuwa wametumia miaka mingi ya maisha yao katika kazi za kiraia za mitaani na viwandani: kuunda vyama vya wafanyakazi, kuandikisha wanachama, kuandika habari za mashamba na magereza, na kuwaunganisha wanawake wa rangi zote. Walifanya hayo yote bila kuruhusiwa kuwa wanachama wa chama kilichobeba matumaini ya wale waliokuwa wakiwatumikia. Maisha ya mmoja wao, Ray Alexander Simons, yanafaa kuangaliwa kwa urefu, kwa kuwa ndiyo yanayoonyesha vizuri zaidi uzito wa kilichoamuliwa Morogoro.

Alizaliwa mwaka 1913 katika mji mdogo wa Varklian, nchini Latvia, akapewa jina la Rachel Ester Alexandrowich. Latvia ya wakati huo ilikuwa sehemu ya dola la Urusi, na Wayahudi wa eneo hilo walizungumza Kiyidishi, lugha iliyokua kutokana na Kijerumani cha zamani ikachanganyika na Kiebrania na lugha za Kislavoni, na ambayo kwa muda mrefu ilikuwa lugha ya nyumbani, ya soko na ya mabishano ya kisiasa. Baba yake alikuwa mwalimu, akafariki binti akiwa bado mdogo. Alipopelekwa Riga kusomea ufundi wa kushona katika shule ya ORT, shirika la Kiyahudi lililowafundisha vijana maskini kazi za mikono, alijiunga na harakati za siri za Wakomunisti, na hofu ya kukamatwa ndiyo iliyoifanya familia iamue kumpeleka Afrika Kusini, ambako maelfu ya Wayahudi kutoka Lithuania na Latvia walikuwa wamekwisha kuhamia tangu mwishoni mwa karne ya 19.

Aliteremka bandarini Cape Town tarehe 6 Novemba 1929, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, na baada ya siku tano tu alikuwa amejiunga na Chama cha Kikomunisti cha Afrika Kusini, ambacho wakati huo kilikuwa karibu chama pekee cha siasa nchini humo kilichopokea watu wa rangi zote. Haraka hiyo imewashangaza baadhi ya wasomaji wa habari zake, lakini haina ajabu kwa mtu aliyetoka katika jamii iliyozoea kubaguliwa kwa sheria, kwani alichokikuta Cape Town alikitambua mara moja. Waafrika walilazimishwa kubeba pasi, yaani hati iliyoonyesha mtu anaruhusiwa kuwa wapi, kwa saa gani na kwa mwajiri gani. Asiyekuwa nayo alikamatwa. Msichana huyo aliajiriwa dukani, akafukuzwa kwa sababu ya kushiriki kampeni ya kupinga pasi, na tangu hapo kazi yake halisi ikawa ile ambayo hakuna mwajiri angependa kuilipia.

Katika miaka ya 1930 alizunguka Cape Town akiwasaidia wafanyakazi wa maduka, wa viwanda vya kemikali, wa reli na wa bandari kuunda vyama vyao. Kuunda chama cha wafanyakazi katika mazingira yale kulikuwa na sura mbili ambazo ni lazima zieleweke pamoja. Kwanza kulikuwa na hesabu za kila siku, yaani kukusanya ada ndogondogo, kuandika majina, kuitisha mkutano baada ya saa za kazi, kujua sheria ya mishahara kuliko meneja anavyoijua na kusimama naye mbele ya bodi. Pili kulikuwa na sheria iliyowagawa wafanyakazi kwa rangi, ikawatambua Wazungu, Wahindi na wale walioitwa Machotara, yaani watu wa asili mchanganyiko ambao serikali iliwaweka katika kundi lao peke yao, kuwa waajiriwa wenye haki ya kujadiliana na waajiri, lakini ikawatoa wanaume wa Kiafrika waliobeba pasi nje ya tafsiri ya neno mwajiriwa. Mratibu mwenye moyo dhaifu angeridhika na wale waliotambuliwa. Ray Alexander hakuridhika, na hapo ndipo ustadi wake ulipoonekana.

Mwaka 1941, mwaka aliofunga ndoa na Jack Simons, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cape Town, alianzisha Chama cha Wafanyakazi wa Vyakula na Usindikaji. Viwanda vya kusindika matunda vilikuwa katika miji ya mabonde ya Cape kama Paarl, Wellington na Worcester, na vile vya samaki vilitapakaa katika vibandari vya pwani ya magharibi, mbali na macho ya wakaguzi. Wengi wa wafanyakazi walikuwa wanawake walioajiriwa msimu wa matunda au wa samaki na kuachwa bila kitu msimu ulipokwisha; wengine walipelekwa pamoja na familia zao nzima, watoto wakiwamo. Chama kilidai mambo yaliyowagusa wanawake hao moja kwa moja: malipo ya wakati wa uzazi, bima ya kukosa kazi kwa wafanyakazi wa msimu, na nyongeza ya mishahara isiyotofautisha rangi. Sheria ilipowalazimisha mwaka 1947 kuwatenga wanachama wa Kiafrika katika chama chao peke yao, vyama hivyo viwili viliendelea kutenda kama kimoja, vikagoma pamoja na kukaa mezani pamoja.

Kutoka katika chama hicho walitoka viongozi ambao historia ya Afrika Kusini haiwezi kuandikwa bila wao. Frances Baard aliwaunganisha wafanyakazi wa Port Elizabeth, kisha akawa nguzo ya harakati za wanawake. Elizabeth Mafekeng wa Paarl, mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi wa Kiafrika, alihukumiwa mwaka 1959 kuhamishwa kwa nguvu hadi eneo la mbali la Vryburg, naye akavuka mpaka kuingia Basutoland, yaani Lesotho ya leo, akiwa na mtoto mchanga badala ya kukubali adhabu hiyo. Liz Abrahams alichukua ukatibu mkuu mwaka 1956, na baada ya kuanguka kwa ubaguzi akawa mbunge. Mwandishi wa historia akitaka kupima kazi ya mratibu, kipimo cha haki ni hiki: je, alipoondolewa, kazi ilisimama? Septemba 1953 serikali ilimpiga marufuku Ray Alexander kushika nafasi yoyote katika chama alichokiasisi, na marufuku ya aina hiyo ilimaanisha kukatazwa kuhudhuria mikutano, kuandika kwa ajili ya kuchapishwa na hata kukutana na watu wengine waliopigwa marufuku. Chama hakikusimama, kwa kuwa wanawake wa viwandani walikuwa wamefundishwa kukiendesha wenyewe.

Mwaka uliofuata alifanya mambo mawili makubwa, yote mawili yakakatizwa na dola. La kwanza lilikuwa kugombea kiti cha bunge. Waafrika wachache wa jimbo la Cape waliosalia na haki ya kupiga kura walikuwa wameondolewa katika daftari la kawaida na kupewa wawakilishi watatu tu, ambao kwa sheria walipaswa kuwa Wazungu. Wapiga kura hao walikuwa wameitumia nafasi hiyo finyu kwa akili, wakawachagua Wakomunisti wawili mfululizo, Sam Kahn na Brian Bunting, ambao wote walifukuzwa bungeni. Mwaka 1954 walimchagua Ray Alexander, naye akashinda, lakini alipokwenda bungeni kuchukua kiti chake polisi walimzuia mlangoni. Jambo la pili lilikuwa Shirikisho la Wanawake wa Afrika Kusini, lililozinduliwa Johannesburg tarehe 17 Aprili 1954 chini ya uenyekiti wa Ida Mntwana, huku Ray Alexander akiwa katibu, na likapitisha Mkataba wa Wanawake uliodai kura, malipo sawa, na kufutwa kwa sheria na mila zilizomfanya mwanamke mtoto wa kudumu. Hilda Bernstein, Myahudi mwingine aliyezaliwa London na aliyewahi kuwa diwani wa Johannesburg kuanzia 1943 hadi 1946, alikuwa mmoja wa walioitisha mkutano huo. Haukupita muda mrefu kabla ya amri mpya kumlazimisha Ray Alexander kujiuzulu. Wanawake wapatao 20,000 walipoandamana hadi majengo ya serikali Pretoria tarehe 9 Agosti 1956 kupinga pasi, mama aliyesaidia kukiunda chombo kilichowaita hakuruhusiwa kuwapo.

Inafaa kusema wazi kwamba wanawake hawa hawakuwa sauti ya jumuiya nzima ya Kiyahudi ya Afrika Kusini. Baraza lililowawakilisha Wayahudi wa nchi hiyo lilishikilia kwa miaka mingi msimamo wa kutoingilia siasa, likihofia kwamba watu wachache waliokuwa wametoroka mateso ya Ulaya wangevuta hasira za Makaburu waliokuwa madarakani. Wengi walikaa kimya, na wengine walifaidi maisha ya Wazungu bila kuuliza. Hata hivyo, kati ya Wazungu 23 walioshtakiwa katika kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1956, pamoja na akina Albert Luthuli na Nelson Mandela, zaidi ya nusu walikuwa Wayahudi. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja, na lipo kosa la kuwasifu wote kwa matendo ya wachache, kama lilivyopo kosa la kuwasahau wachache kwa sababu ya ukimya wa wengi.

Mwezi Mei 1965 Ray na Jack Simons waliondoka Afrika Kusini, wakafika Zambia, nchi iliyokuwa na umri wa miezi saba tu ya uhuru. Baada ya kukaa kwa muda Manchester, ambako walikamilisha kitabu chao kikubwa juu ya matabaka na rangi katika Afrika Kusini tangu 1850 hadi 1950, kilichochapwa mwaka 1969, walirudi Lusaka, Jack akafundisha katika Chuo Kikuu cha Zambia, na nyumba yao ikawa mahali pa kufikia wapigania uhuru, wanafunzi na wakimbizi. Barabara iliyounganisha Lusaka na Morogoro ilikuwa hiyohiyo inayoanzia Msamvu kuelekea Iringa, ambayo baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965 ilijaa malori ya mafuta yaliyoikoa Zambia, na ambayo baadaye iliwekwa lami hadi mpakani. Kwa njia hiyo pia wapiganaji wa Kongwa walipelekwa kusini.

Safari za wapiganaji hao ndizo zilizozaa mkutano wa Morogoro. Mwaka 1967 kikosi cha ANC pamoja na wenzao wa chama cha ZAPU cha Zimbabwe kilivuka Zambezi kuingia eneo la Wankie, na mwaka uliofuata vikosi vingine viliingia Sipolilo. Walipigana kishujaa, lakini hawakufika nyumbani. Wengi walikufa, wengine walifungwa Rhodesia au Botswana. Baadhi ya walionusurika, Chris Hani akiwa mstari wa mbele, waliandika waraka mkali wakiwalaumu viongozi kwa kuishi mbali na wapiganaji na kwa kukosa mpango. Oliver Tambo, kiongozi wa ANC uhamishoni, alilijibu jambo hilo kwa kuitisha mkutano wa mashauriano, uliofanyika Morogoro kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969, wajumbe wakiwa karibu sabini. Mkutano ulipitisha waraka wa mkakati na mbinu, ukaunda Baraza la Mapinduzi lililochanganya watu wa rangi zote, na ukaamua kwamba mtu yeyote aliye uhamishoni, awe Mwafrika, Mhindi, Chotara au Mzungu, anaweza kuwa mwanachama wa ANC, ingawa Halmashauri Kuu ya Taifa ilibaki ya Waafrika peke yao.

Uamuzi huo haukuwa rahisi, wala haikuwa haki kuwaona waliousitia kuwa watu wabaya. ANC iliundwa mwaka 1912 kuwaunganisha Waafrika waliogawanywa na makabila na majimbo, na wengi waliogopa kwamba chama kikifungua milango, wasomi wa rangi nyingine, wenye elimu bora na marafiki wengi ng'ambo, wangekalia usukani. Mwaka 1975 wanachama wanane mashuhuri walifukuzwa baada ya kuupinga waziwazi mwelekeo uliotokana na Morogoro. Lakini upande wa pili wa mizani ulikuwa na watu kama Ray Alexander, ambaye kwa karibu miaka arobaini, tangu Novemba 1929, alikuwa akiwaandikisha wengine katika vyama bila yeye mwenyewe kuruhusiwa kujiandikisha katika chama cha ukombozi. Baada ya mkutano huo yeye na mumewe walikuwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza kupokewa. Hoja nzito zaidi kuliko zote zilizotolewa Morogoro haikuhitaji kusemwa kwa maneno, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kutendwa viwandani Paarl.

Ruth First, ambaye jina lake lilikuja kukaa karibu zaidi na Morogoro kuliko la Ray, alikuwa wa kizazi kilichofuata. Alizaliwa Johannesburg mwaka 1925, wazazi wake wakiwa Wayahudi wahamiaji kutoka nchi za Baltiki na Wakomunisti wa mwanzo. Chuo kikuu cha Witwatersrand kilimkutanisha na Mandela na Eduardo Mondlane wa Msumbiji, na baada ya shahada aliajiriwa katika idara ya ustawi wa jamii ya jiji la Johannesburg, kazi aliyoiacha wakati wa mgomo mkubwa wa wachimbaji wa dhahabu wa Agosti 1946, akachagua kuwasaidia wagomaji kuchapa na kusambaza vipeperushi vyao. Mwaka 1947, akishirikiana na kasisi Michael Scott, alifichua hali ya vibarua wa Kiafrika katika mashamba ya viazi ya Bethal, waliouzwa kwa wakulima kama wafungwa. Gazeti aliloandikia lilipigwa marufuku mwaka 1952 likarudi kwa jina jingine, likapigwa tena na kurudi tena. Agosti 1963 aliwekwa kizuizini bila mashtaka kwa siku 117, peke yake, na kitabu alichokiandika juu ya siku hizo kilisomwa dunia nzima.

Uhamishoni alifanya kazi iliyoigusa Afrika Mashariki moja kwa moja, na ambayo wasomaji wa Kiswahili hawajaipa nafasi inayostahili. Alimsaidia Oginga Odinga wa Kenya kuandaa kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1967, na mwaka 1975 alifundisha kwa muhula mmoja katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati chuo hicho kilipokuwa uwanja wa mabishano makali juu ya ujamaa na maendeleo. Baadaye alikwenda Maputo, akaongoza utafiti katika Kituo cha Taaluma za Afrika cha Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, ambako wanafunzi walipelekwa vijijini kuhoji wachimbaji waliorudi kutoka migodi ya Afrika Kusini. Tarehe 17 Agosti 1982 bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, lililotumwa na maofisa wa usalama wa serikali ya Makaburu, lilimuua ofisini kwake.

Wakati huo Morogoro ilikuwa imekwisha kupata sura mpya. Baada ya polisi kuwapiga risasi wanafunzi wa Soweto tarehe 16 Juni 1976, vijana wengi walikimbilia Tanzania bila wazazi, bila vyeti na mara nyingi bila nguo za kubadilisha. Anna Abdallah, aliyekuwa kiongozi wa serikali mkoani Morogoro, alisaidia ANC kupata ardhi ya Mazimbu, shamba la mkonge lililoachwa, magharibi mwa mji na karibu na Msamvu. Kwamba mwanamke ndiye aliyesimamia mkoa huo si jambo la kupitwa haraka katika nchi ya Waluguru, ambao hufuata ukoo wa mama, yaani mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake na mashamba ya milimani hurithiwa kwa njia hiyo. Wakulima hao hao wa Uluguru walikuwa na kumbukumbu yao ya kukataa amri zisizo za haki: Julai 1955, mwezi mmoja baada ya Mkataba wa Uhuru wa Afrika Kusini kupitishwa Kliptown, watu wa Matombo walipinga kulazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, polisi wakafyatua risasi, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuuacha mpango huo. Wageni wa Mazimbu walikuja kwa watu waliojua maana ya kugoma.

Kijiji kilichojengwa Mazimbu kilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, na Tambo akakifungua rasmi tarehe 22 Agosti 1985, ingawa masomo yalikuwa yameanza miaka kadhaa kabla. Palikuwa na shule ya msingi na ya sekondari, shamba, karakana za useremala na ushonaji, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1984 kwa msaada wa Waholanzi na iliyowatibu pia Watanzania wa jirani, na kituo cha kulea watoto wadogo kilichoitwa kwa jina la Charlotte Maxeke, aliyewaongoza wanawake wa Kiafrika kupinga pasi katika muongo wa pili wa karne ya 20. Walimu, madaktari na mafundi wa kujitolea walitoka nchi za Skandinavia, Uholanzi, Ujerumani ya Mashariki na kwingineko, wakafanya kazi pamoja na Waafrika Kusini na vibarua na mafundi wa Morogoro. Yaliyofanyika hapo hayakuwa vita. Yalikuwa ratiba za jikoni, chanjo, madaftari, maji na mifugo, yaani kazi zile zile za kiraia ambazo Ray Alexander na Ruth First walikuwa wamezifanya mitaani kwao kabla ya kwenda uhamishoni.

Mazimbu ilipojaa, serikali ya Tanzania iliipa ANC ardhi nyingine Dakawa, kaskazini mwa Morogoro kwa barabara ya Dodoma. Huko kiliwekwa kituo cha kuwapokea na kuwapima elimu vijana waliofika karibuni, kabla ya kupangiwa madarasa au mafunzo ya ufundi, na kituo hicho kikapewa jina la Ruth First. Jina lilichaguliwa vizuri. Vijana wengi walifika wakiwa wamekosa masomo kwa miaka miwili au mitatu, wengine wakiwa wametoka gerezani, na mwandishi aliyeanza kazi yake kwa kuwasikiliza vibarua wa Bethal, akaimaliza kwa kuwafundisha wanafunzi wa Maputo kuwasikiliza wachimbaji, alikuwa mlezi wao wa haki. Mkutano wa pili wa ANC uhamishoni, uliofanyika Kabwe, Zambia, mwezi Juni 1985, ulikamilisha kilichoachwa na Morogoro kwa kufungua Halmashauri Kuu kwa watu wa rangi zote, na Joe Slovo, mume wa marehemu Ruth First, akawa Mzungu wa kwanza kuchaguliwa humo.

Ray Alexander aliishi kuyaona hayo na zaidi. Lusaka aliendelea na kazi za shirikisho la vyama vya wafanyakazi na za kitengo cha wanawake cha ANC, na baada ya vyama kuruhusiwa tena Februari 1990, yeye na Jack walikuwa miongoni mwa wahamishwa wa mwanzo kabisa kurudi, wakitua Cape Town mwezi Machi mwaka huo huo, karibu miaka ishirini na mitano baada ya kuondoka. Mazimbu na Dakawa zilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania Julai 1992, Mazimbu ikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo yenye jina la Solomon Mahlangu, ikiwa na makaburi ya Waafrika Kusini waliofariki Morogoro. Mwaka 2004, akiwa na umri wa zaidi ya miaka tisini, mwanamke aliyesubiri hadi 1969 kuruhusiwa kuwa mwanachama alitunukiwa Isitwalandwe, heshima ya juu kabisa ya ANC, na mwezi Septemba mwaka huo huo akafariki Cape Town, katika mji ule ule alimoandikishia chama chake cha kwanza cha wafanyakazi.